Kompyuta nzito: lini eneokazi ndilo lenye kosa, na lini linasingiziwa

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye mashine za zamani wamegeukia Linux, mfumo endeshi wa bure. Ni zile mashine zinazokataliwa na Windows 11 kwa sababu prosesa ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha 8 au hakuna chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwetu Afrika Mashariki zimejaa, maana laptopu za mtumba na kompyuta zilizotolewa maofisini Ulaya ni za miaka hiyo hiyo. Mtu anaweka Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye eneokazi (desktop) la GNOME, anaiona nzito, anauliza wenzake, na jibu ni lile lile kila mara: weka Xfce, au weka LXQt, yaani maeneokazi mepesi.

Kuna mashine ambazo jibu hilo linazifaa kabisa. Lakini nyingi halizifai, na anayelifuata bila kupima anabaki na kompyuta ambayo bado inajikokota, na juu ya hapo sasa haisomi simu, haina alama ya Wi-Fi, na vitufe vya sauti vimenyamaza. Inaniuma kuona mtu anarudi kwenye mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama kwa sababu alipewa dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Eneokazi ni kundi la programu: inayopanga madirisha, paneli, meneja wa faili, mipangilio, na huduma ndogondogo zinazofanya kazi nyuma bila kuonekana. GNOME, KDE Plasma na Cinnamon huja na karibu kila kitu. Xfce na MATE zimekaa katikati. LXQt imepunguzwa zaidi. Ukibadilisha eneokazi umebadilisha kundi hilo peke yake. Diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kadi ya michoro na kivinjari ni vile vile vya jana. Kwa hiyo tuanze na dalili. Amri nilizoziweka hapa huandikwa kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, na ni za Debian, Ubuntu na Linux Mint.

Nzito tangu inawaka, hata kabla hujafungua kitu

Unabonyeza kitufe, unaenda kuchemsha chai, unarudi, paneli ndiyo kwanza inajitokeza. Ukifungua programu ya kwanza, taa ya diski haizimi. Hapa mshukiwa wa kwanza ni diski ya kuzunguka. Andika:

`lsblk -d -o NAME,ROTA`

Ukiona 1 mbele ya diski yako, ni ya kuzunguka. 0 ni SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Diski ya kuzunguka lazima ihamishe kichwa chake kila inapotafuta faili, na kuwasha eneokazi ni kusoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. LXQt itakupunguzia kidogo kwa kuwa ina faili chache za kusoma, ila kivinjari kitafunguka kwa uzito ule ule. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD, hata ile ndogo ya GB 120, kabla ya kugusa jambo lingine lolote. Kwenye laptopu iliyokuwa na diski ya kuzunguka hakuna mabadiliko ya eneokazi yanayokaribia tofauti utakayoiona.

Pima pia afya ya diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`, baada ya kuweka kifurushi cha `smartmontools`. Tazama mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo ikiwa si sifuri, na hasa ikiwa inaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Acha habari za eneokazi, nakili kazi zako mahali pengine leo hii.

Kama diski ni SSD na bado kuwaka kunachukua muda, `systemd-analyze blame` itakuonyesha huduma iliyochelewesha. Mara nyingi ni huduma inayosubiri mtandao ambao haupo.

Kuna sababu moja hapa ambayo ni ya eneokazi kweli. GNOME na Plasma zina huduma zinazosoma faili zako zote ili utafutaji uwe wa haraka. Siku za kwanza baada ya kuhamisha picha na nyaraka nyingi, huduma hizo hukaba diski ya kuzunguka hadi mashine nzima inasimama. Kwenye Plasma huduma inaitwa Baloo. Uliza hali yake kwa `balooctl6 status` na uizime kwa `balooctl6 disable` (kwenye Plasma 5 andika `balooctl` bila 6). Kwenye GNOME fungua mipangilio, nenda sehemu ya utafutaji, uondoe folda usizohitaji zisomwe. Ukishafanya hivyo, pengine hutakuwa na sababu ya kuhama.

Inaanza vizuri, kisha inaganda vichupo (tab) vya kivinjari vikiwa vingi

Hapa ndipo uchaguzi wa eneokazi una uzito wa kweli, kwa hiyo tukae kidogo.

Fungua kazi zako za kawaida, zile za siku yako halisi, kisha andika `free -h`. Usiitazame safu ya `free`, maana Linux huitumia RAM iliyolala kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Safu yenye maana ni `available`. Ikibaki chini ya MB 300 hivi na mstari wa Swap, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM, unazidi kupanda, RAM imekwisha. Ili kuhakikisha, andika `vmstat 1` utazame safu za `si` na `so` wakati mashine imeganda. Namba kubwa hapo zikitiririka mfululizo, mfumo unahamisha vitu kati ya RAM na diski bila kupumzika.

Sasa hesabu. GNOME ikiwa imetulia, bila programu yoyote, kwa kawaida inakula kati ya GB 1 na 1.5 pamoja na mfumo wenyewe. Xfce mara nyingi iko kati ya MB 500 na 800, na LXQt chini kidogo ya hapo. Tofauti ni kama MB 600, labda 700. Kurasa za tovuti za siku hizi, kichupo kimoja tu kinaweza kumeza MB 200 au zaidi. Maana yake, kuhama kutoka GNOME kwenda LXQt kunakupa nafasi ya vichupo vitatu au vinne.

Kwenye mashine ya GB 2, vichupo vitatu ndivyo vinavyoamua kama mtu anafanya kazi au hafanyi. Hapo chukua LXQt bila kusita. Kumbuka pia kadi ya michoro iliyo ndani ya prosesa hukata fungu lake kwenye RAM hiyo hiyo, ndiyo maana mashine ya GB 2 huonyesha pungufu.

Kwenye GB 4, ningechukua Xfce, na Plasma nisingeiondoa kwenye orodha. Watu wengi wanaiogopa Plasma kwa sifa iliyoachwa na KDE 4.0 ya mwaka 2008, ambayo kweli ilikuwa nzito na yenye kasoro nyingi. Plasma ya leo ni kitu kingine. Matumizi yake ya RAM mara nyingi yako karibu na Xfce kuliko GNOME. GNOME kwenye GB 4 inawezekana kwa mtu wa kazi moja kwa wakati, anayeandika au kusoma barua pepe. Kwa anayefungua kila kitu pamoja, itamchosha.

Kwenye GB 8 na kuendelea, chagua unachokipenda. Ukiambiwa mashine ya GB 8 inahitaji eneokazi jepesi, muulize aliyekuambia amepima nini.

Kabla ya kuhama, jaribu zram, ambayo hubana sehemu ya RAM ili ibebe zaidi kabla ya kukimbilia diski. Fedora huiwasha yenyewe tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Kwenye Debian na jamaa zake andika `sudo apt install zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Kwenye mashine ya GB 4 hii peke yake inaweza kuondoa kule kuganda. Na kama laptopu ina nafasi ya pili ya RAM iliyo wazi, kipande cha GB 4 cha mtumba kinamaliza mjadala.

RAM ilikuwa sawa, inajaa baada ya siku mbili tatu

Eneokazi lenyewe ndilo linalovimba, na kwenye GNOME chanzo karibu kila mara ni viendelezi (extensions), vijiprogramu vya kuiongezea uwezo. Viendelezi vya GNOME hukimbia ndani ya gnome-shell yenyewe. Kimoja kibovu kinavuta nyumba nzima. Zima vyote kwa `gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true`, toka kwenye akaunti, ingia tena, tumia siku kadhaa. Tatizo likitoweka, rudisha kimoja kimoja.

Kama unahitaji viendelezi vingi ili GNOME ifanane na eneokazi la kawaida lenye menyu na paneli ya chini, basi ninakushauri uhame. Cinnamon, MATE na Plasma zina mambo hayo tangu mwanzo. MATE yenyewe ilizaliwa mwaka 2011 kwa sababu hiyo: GNOME 3 ilipobadilisha kila kitu, watu waliokuwa na kazi zao kwenye GNOME 2 waliamua kuiendeleza.

Dirisha likivutwa linakatika, video inarukaruka, feni inalia

Weka `mesa-utils`, kisha:

`glxinfo -B | grep renderer`

Ukiona neno `llvmpipe`, kadi ya michoro haifanyi kazi kabisa. Prosesa ndiyo inayochora kila kivuli na kila dirisha. GNOME huumia sana hapa kwa kuwa haiwezi kuishi bila kuchanganya picha za madirisha. Xfce inaweza kuzima kazi hiyo, kwa hiyo ukihamia Xfce utaona nafuu kubwa na utaamini umetibu. Hujatibu. Draiva bado haipo, na video zitaendelea kukwama.

Sababu ninayoikuta zaidi ni `nomodeset`. Mtu aliiweka siku ya kusakinisha kwa kuwa skrini ilikuwa nyeusi, ikabaki pale milele. Fungua `/etc/default/grub`, ifute kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, andika `sudo update-grub`, washa upya. Kama kadi ni ya Nvidia, tafuta draiva inayolingana na umri wake; matoleo mapya hayazitambui kadi za zamani.

Kama jina la kadi linaonekana vizuri lakini video peke yake ndiyo inayokwama, tatizo ni namna video ilivyobanwa. YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1, na kadi za zamani haziwezi kuzifungua, hivyo prosesa inabeba mzigo wote. Shusha hadi 480p, au weka kiendelezi cha kivinjari kinacholazimisha H.264, kama h264ify. Eneokazi halihusiki hapa kwa vyovyote.

Nyepesi dakika za mwanzo, kisha inachoka

Joto. Weka `lm-sensors`, andika `watch sensors`, na utazame wakati mashine inachoka. Prosesa ikikaribia nyuzi 90 au 100 hujishushia kasi ili isiungue. Ifungue, toa vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kupoozea, badilisha ile pesti iliyokauka juu ya prosesa. Laptopu ya miaka kumi iliyokaa mji wenye vumbi haina njia nyingine.

Chunguza chaja pia. Baadhi ya laptopu zikishindwa kuitambua chaja hushusha kasi ya prosesa na kuishikilia chini muda wote, na chaja za bandia zimejaa madukani. Andika `grep MHz /proc/cpuinfo` ukiwa umefungua kazi nzito. Ukiona kila namba imeganda kwenye 800 au chini yake, azima chaja ya asili ujaribu.

Umehamia jepesi, na sasa vitu vinakosekana

Hili ndilo eneo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka, na ndilo linalowakatisha tamaa watu. Wepesi unatokana na huduma zilizoondolewa. Zile ulizokuwa unazitumia bila kujua lazima uzirudishe mwenyewe, moja moja.

Alama ya Wi-Fi haipo: mtandao unaweza kuwa mzima, kinachokosekana ni kidude cha paneli kiitwacho `nm-applet`. Kiwashe kwenye terminali. Kikitokea, kiongeze kwenye orodha ya programu zinazojiwasha. Kwa Bluetooth, weka `blueman`.

Fleshi au simu haionekani kwenye meneja wa faili: kwa Xfce weka `gvfs-backends` na `thunar-volman`, toka na uingie tena. Simu za Android hutumia MTP, na bila `gvfs-backends` Thunar, meneja wa faili wa Xfce, haiwezi kuzisoma.

Unabonyeza programu inayohitaji nywila ya msimamizi, halafu kimya, hakuna kinachofunguka. Hii inachanganya sana kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa. Kinachokosekana ni wakala wa polkit, yule anayechora kisanduku cha kuomba nywila. Kwa LXQt ni `lxqt-policykit`; kwa Xfce `mate-polkit` inafanya kazi vizuri.

Vitufe vya sauti havijibu: ongeza `xfce4-pulseaudio-plugin` kwenye paneli. Ukifunga kifuniko mashine hailali: `xfce4-power-manager`.

Mstari unakata skrini kwa upana wakati wa video: kwenye Xfce andika `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -n -t string -s glx`, kisha `xfwm4 --replace`.

Sehemu kubwa ya mapungufu haya hutokea kwa waliojijengea eneokazi kwa vifurushi vichache. Xubuntu, Lubuntu na Linux Mint ya Xfce zimekwisha kuunganishwa vizuri. Ikiwa mashine ni ya mzazi, mwanafunzi au mtu yeyote asiyekusudia kuwa fundi, mpe mojawapo ya hizo. Kumwachia Openbox tupu, kipanga madirisha kisicho na eneokazi, kwa ajili ya MB 150 ni kumwonea.

Kisha kuna mambo ambayo jepesi halina, na kifurushi hakitayaleta. Herufi ndogo kupita kiasi kwenye skrini moja unaweza kuzikuza kwa kupandisha DPI (kipimo cha ukubwa wa herufi) kwenye mipangilio ya mwonekano ya Xfce. Lakini ukiwa na skrini mbili zenye msongamano tofauti wa nukta, ile ya laptopu kali na ile ya ukutani ya kawaida, X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, haiwezi kuzitendea kila moja kwa kipimo chake ipasavyo. Hiyo ni kazi ya Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, na kwa sasa Plasma na GNOME ndizo zinazoifanya vizuri. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 ilileta Wayland kwa majaribio tu. Skrini ya kugusa ni hivyo hivyo: GNOME iko mbele.

Na la muhimu kuliko yote: kama anayetumia mashine haoni, au anaona kwa shida, usianze na wepesi. Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, inategemea kila dirisha na kila kitufe kujieleza kwake. GNOME na MATE zimefanyiwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwenye GNOME unaiwasha kwa Super+Alt+S, hata kwenye skrini ya kuingilia. Kwenye maeneokazi madogo utakuta paneli zisizosomeka na menyu zilizo kimya. Mashine ikiwa ya GB 2 kwa mtu kama huyo, mpe MATE na umtafutie RAM. Usimnyang'anye uwezo wa kuitumia kompyuta peke yake ili namba ya `free -h` ipendeze.

Maeneokazi mawili yanagombana

Umeongeza Xfce juu ya GNOME, na sasa kuna meneja wa faili wawili, arifa zinatokea mara mbili, rangi za madirisha zimevurugika. Kuwa nayo yote mawili kunakubalika kwa majaribio. Kwa kudumu, sakinisha upya toleo lililotengenezwa kwa eneokazi unalolitaka. Kuling'oa la kwanza kwa `apt purge` na `autoremove` kunaweza kuondoka na kitu unachokihitaji, pamoja na skrini ya kuingilia.

Njia safi ya kujaribu ni kutengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwa `sudo adduser jaribio`, kisha kuchagua eneokazi kwenye skrini ya kuingilia: GDM na LightDM ni programu za skrini hiyo; GDM ina alama ya gia chini kulia baada ya kubofya jina, LightDM huiweka juu. Akaunti mpya haina mipangilio ya zamani, kwa hiyo unachokiona ni eneokazi lenyewe. Hii inakufaa pia hata usipohama: kama akaunti mpya ni nyepesi na yako ni nzito, kwenye GNOME hiyo hiyo, basi tatizo limejificha kwenye folda yako ya nyumbani, ndani ya `.config` au `.local`.

Ikitokea baada ya kuweka eneokazi la pili unapata skrini nyeusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, andika `sudo dpkg-reconfigure lightdm` (au `gdm3`), chagua skrini ya kuingilia iliyokuwapo mwanzo, kisha `sudo reboot`.